Kipimo cha Shokapu

Gurudumu la nyuma la kulia lilitumbukia kwanza. Dereva alilihisi kwenye usukani na kwenye kiti, na kabla hajafika kwenye breki ulisikika mlio mmoja mkavu chini ya lori, kama mtu avunjaye kuni kwa goti. Lori likainama upande. Kisha gurudumu likaparamia ukingo wa pili wa korongo, ekseli ikarudi juu kwa uzito wa tani tatu za mzigo, na safari hii mlio ulikuwa wa plastiki kupasuka na chuma kukwaruzana na chuma. Mama mkwe wake, aliyekuwa amekaa upande wa pili ameshika mpini wa mlango, alirushwa mbele na bega lake likapiga dashibodi. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Aa," kama mtu aliyekumbuka jambo alilolisahau nyumbani.

Injini ikazimika. Lori lilikuwa limesimama kichwa kikiwa ukingoni na mkia ndani ya korongo, na katika ule ukimya dereva alisikia maji yakimwagika.

Aliyajua maji hayo. Chini ya bodi, karibu na ekseli ya nyuma, alikuwa amefunga tangi la plastiki la lita mia na ishirini, mahali penye kivuli ili maji yasichemke kwa jua. Alijisifu sana kwa ubunifu huo. Sasa alipotambaa chini ya lori alikuta shokapu ya kulia, kile chuma cha kupunguza mtikisiko, imeng'oka juu kwenye chesisi, lakini huku chini bado imeshikwa na ekseli, imesimama wima kama mkuki, na ncha yake imezama ndani ya tangi. Maji yalitoka kwa mkondo mnene, na mchanga uliyanywa bila hata kuacha tope.

Alisukuma chini ya tangi beseni la kunawia, kisha dumu tupu la mafuta ya kula lililokuwa nyuma ya kiti, kisha sufuria. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini wahenga hawakuwa chini ya lori lile. Dereva aliyazoa kwa viganja, pamoja na mchanga na grisi, akayachuja kwa shati lake, na tangi lilipobaki likidondoka tone moja moja aliyapokea matone kwa kifuniko cha chupa. Alipomaliza kupima, alikuwa na lita tano na nusu. Kwenye kabini kulikuwa na chupa nyingine ya lita moja na nusu. Jumla saba, kwa watu wawili, saa sita mchana, jangwani, na kambi waliyokuwa wakiiendea ilikuwa bado kilomita hamsini na nane.

Alirudi kabini akamkuta mama mkwe amekaa vilevile, mkono wa kushoto umelala mapajani kama si wake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, fundi wa pampu za visima, mwenye vidole vizito na nywele zilizofungwa kwa kitambaa kisichofunguka hata kwa upepo. Mbele huko, kwenye kambi ya wachimba chumvi, pampu ya kisima ilikuwa imekufa, na watu mia na zaidi, watoto miongoni mwao, walikuwa wakinywa maji ya mapipa yaliyokuwa yakipungua kila siku. Pampu mpya ilikuwa nyuma ya lori, pamoja na jenereta, waya na mabomba. Fundi aliyejua kuishusha alikuwa ni yeye.

Kwa dereva alikuwa zaidi ya fundi. Dereva alikuwa amemuoa binti yake wa pekee. Asubuhi ya safari mkewe alimshika mkono mlangoni akamwambia kwamba amebakiwa na mzazi mmoja tu duniani, na kwamba amrudishe. Hakulisema kwa utani.

"Ni mfupa wa bega," alisema mama mkwe bila kumtazama. "Huu wa mbele. Umevunjika, nausikia ukisagika. Ufungwe usicheze."

Hapo ndipo tabu nyingine ilipoanza. Katika miaka saba ya ndoa dereva hakuwahi kumgusa mama mkwe wake zaidi ya kumpokea mzigo. Walikuwa wakisalimiana kwa macho ya chini; mama akiingia sebuleni, dereva alitafuta sababu ya kutoka. Ndani ya kabini ile walikuwa wamesafiri siku nzima ya lami na nusu siku ya njia mbovu huku mfuko wa nguo umewekwa kati yao kama ukuta, na mazungumzo yao yote yangeweza kuandikwa kwenye kiganja. Sasa alitakiwa amvue koti, apitishe kitambaa kwapani mwake, amfunge kifua.

Alisimama pale na shuka lililochanwa mkononi, asijue aanzie upande gani.

"Funga, baba," alisema yule mama. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Fumba macho ukitaka, lakini funga."

Alifunga. Hakufumba macho, kwa sababu fundo lingekosewa. Alipouvuta mkono uingie kwenye kombeo, mama mkwe aliuma ncha ya kitambaa chake na machozi yakamtoka, na dereva akajikuta naye analia, kwa kumuonea huruma na kwa woga, kwa maana alikwisha kuona kule chini jambo ambalo hakutaka kuliona.

Shokapu zile zilikuwa mpya. Alikuwa amezichagua mwenyewe, siku moja kabla ya kuondoka.

Za zamani zilikuwa zimeanza kuvuja mafuta, na kwenye lami lori lilikuwa likiyumba kila likipishana na basi. Muuzaji alimpangia aina tatu juu ya kaunta. Kulikuwa na laini, za mtu wa lami, raha tupu, ila kwenye makorongo hazimalizi msimu. Kulikuwa na za kati, za mtu wa huku na huku. Na kulikuwa na nene za gesi, ngumu, zilizopakwa rangi nyekundu, za mtu wa porini. Dereva yule alikuwa mtu wa huku na huku. Nusu ya maisha yake ilikuwa lami. Muuzaji alimwambia hivyo. Lakini jicho la mwanamume likishaona chuma chekundu kinang'aa, masikio huwa likizoni, na zaidi ya hapo alitaka mama mkwe, aliyesimama naye kaunta, aone kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa kubahatisha.

Ikabaki kupima urefu. Muuzaji aliuliza kama lori liko tupu au lina mzigo. Lilikuwa na mzigo: pampu na mabomba vilipakiwa tangu alfajiri, na kuvishusha kulihitaji watu wanane na nusu siku. Dereva alisema lipimwe vilevile. Fundi wa duka akaingia chini, akapima kutoka bolti ya juu hadi bolti ya chini, akaita namba, na zikaletwa za namba hiyo, zenye nafasi ndogo tu ya kurefuka.

Sasa lori lenye mzigo huwa limechuchumaa. Springi zimelala, ekseli imekaribia chesisi. Kulipima hapo ni sawa na kumpima mtu suruali akiwa amechuchumaa. Siku akisimama, itachanika. Na lori husimama pale gurudumu linapoingia shimoni na ekseli ikaning'inia; hapo shokapu fupi huwa imefika mwisho wake, na kama ni ngumu kama zile, haikubali kushindwa. Hung'oa kilichoishika.

Jioni ile ya ajali alilala mchangani chini ya lori, akanyoosha shubiri yake kwenye shokapu iliyong'oka, akaona wazi. Alitambaa akaenda kuangalia ya kushoto. Bado ilikuwa imeshika, ila jicho lake la juu lilikuwa limepinda. Za mbele nazo zilikuwa zimevutika hadi mwisho. Na juu ya yote, pale upande wa kulia, jani kubwa la springi, bapa la chuma lililoshika ekseli, lilikuwa limekatika penye jicho la mbele. Ekseli ilikuwa imerudi nyuma kwa upande mmoja, tairi limegusa bodi, na bomba la breki ya nyuma limekatwa.

Walilala bila kuwasha taa. Kila mmoja alikunywa kikombe kimoja.

Kulipopambazuka dereva alimwambia mama mkwe. Alikuwa amekaa ngazini pa mlango wa kabini, amempa mgongo, kwa sababu lilikuwa neno gumu kulisema ana kwa ana.

"Mama, shokapu ni fupi. Nilizipima lori likiwa na mzigo."

"Najua."

"Umeziona saa ngapi? Hukushuka."

"Nilijua pale dukani."

Dereva aligeuka. Kwa mara ya kwanza katika miaka saba alimtazama mama mkwe wake usoni, moja kwa moja, na yeye hakuinamisha macho.

"Nilikuuliza," alisema dereva. "Pale pale mbele ya kaunta. Nilisema mama, hizi unazionaje. Ukasema haya."

"Nilisema haya." Alimeza mate yasiyokuwepo. "Nilisema haya kwa ajili ya haya. Kulikuwa na muuzaji, na fundi wake, na wateja wawili wamekusimamia. Nimkosoe mume wa mwanangu mbele ya watu wale? Nikanyamaza. Nikasema moyoni, labda njia itakuwa njema."

Dereva alinyanyuka akatembea hatua ishirini mchangani. Hasira ilimpanda. Maji yote yale, mfupa ule, kwa ajili ya neno moja lililomezwa! Alitaka kurudi amwambie maneno ambayo mkwe haambiwi. Alisimama na mikono kiunoni, jua likianza kuchoma, na jinsi alivyozidi kusimama ndivyo alivyozidi kuliona duka lile, rangi ile nyekundu, na yeye mwenyewe kifua mbele.

Aliporudi mama mkwe alimuuliza kitu kimoja tu. "Na ningesema, ungenisikia?"

Alitaka kusema ndiyo.

"Hapana," alisema. "Ningekasirika, na ningezifunga hizohizo."

"Basi tumekosa wawili." Alijisogeza, uso ukamkunjamana kwa maumivu. "Sikiliza, baba. Maji tuliyonayo yanatosha watu wawili kwa siku mbili. Hayatoshi watu wawili na adabu zao. Kuanzia sasa ukikosea nakwambia, nami nikikosea niambie. Tukifika salama tutarudi kuheshimiana."

Kisha akamwambia alete winchi ya mnyororo.

Ilikuwa kifaa chake cha kushushia mabomba kisimani, na hakuna aliyefikiri ingevuta ekseli. Mama mkwe, kabla ya pampu, alikuwa amefanya kazi miaka minne kwenye karakana ya malori. Jambo hilo dereva hakulijua, kwa kuwa hakuwahi kumuuliza. Aliketi kwenye kivuli cha lori, mgongo umeegemea tairi la mbele, akaongoza kwa maneno machache. Jeki iwekwe chini ya chesisi, si chini ya ekseli, na iwekewe ubao isizame. Shokapu iliyochoma tangi ifunguliwe. Bomba la breki likunjwe mara mbili, lipondwe kwa nyundo hadi lifunge, ili breki za mbele zibaki na mafuta. Kisha winchi ifungwe mbele kwenye chesisi na ndoano yake ishike ekseli.

Dereva alipitisha mnyororo kwa nje, karibu na gurudumu, mahali palipokuwa rahisi kufikika.

"Hapo umekosea," alisema mama mkwe. "Ukivuta hapo ekseli itajipinda. Pitisha ndani, penye kiti cha springi, inapokalia ekseli."

Damu ilimchemka dereva kidogo, kwa mazoea tu. Akaupitisha ndani. Ekseli ikaanza kusogea, kidole kimoja, vidole viwili, huku springi iliyokatika ikilia, hadi tairi likaachana na bodi. Alifunga waya wa chuma wa pampu mara nane kuzunguka ekseli hadi kwenye chesisi, akaukaza kwa nondo. Likabaki pengo kati ya ekseli na chesisi, palipotakiwa kitu cha kubeba uzito, la sivyo mruko mmoja ungelaza kila kitu.

Yeye alipendekeza wakate bomba moja la kisima. Mama mkwe alikataa katakata. Alisema kila bomba ni mita tatu, na kisima kile hakina mita tatu za kugawa. Wakikata, watafika na pampu inayonyonya hewa. Basi dereva alichukua msumeno wa chuma akaufuata mkondo mkavu wa korongo hadi alipokuta shina la mti uliokufa, gumu kama pembe. Msumeno wa chuma haukuumbiwa mti. Alikata kwa saa nzima, akipumzika kila hesabu ya mia, ulimi umegeuka kipande cha ngozi mdomoni. Alirudi na gogo begani, miguu ikipishana, akaanguka mara moja na kukaa pale alipoanguka akitafuta sababu ya kuamka. Sababu ilikuwa imekaa kwenye kivuli cha lori na mfupa uliovunjika. Aliamka.

Adhuhuri, wakati gogo limekwishakaa mahali pake, mama mkwe alimkuta amesimama mbele ya lori ameinua boneti, anaitazama rejeta. Hakusema anachofikiri, wala haikuhitajika.

"Umetia nini humo?"

"Maji ya kijani, ya dukani."

"Hayo yanaua figo. Funga boneti, njoo unywe kikombe chako."

"Kikombe changu nilishakunywa asubuhi."

"Na umebeba gogo. Unywe nusu ya pili. Si ukarimu huo. Wewe ndiye injini."

Waliondoka jua lilipolegea. Dereva alitoa upepo kwenye matairi yakae mapana juu ya mchanga, akaingiza gia ya kwanza, na lori likapanda kutoka korongoni likilalamika kila kiungo. Gogo lilishika. Waya ulishika. Kwa mita mia tano za kwanza alihisi furaha, furaha ya kweli, na akageuka kumwambia mama mkwe, akamkuta amelaza kichwa dirishani na macho yamegeuka meupe.

Alisimamisha lori. Alimwita, akamlowesha midomo kwa kidole. Aliporudiwa na fahamu alisema tu kwamba ni mtikisiko. Ardhi pale ilikuwa ya mawimbi madogo ya mchanga mgumu, na shokapu zile zilizobaki zilikuwa zikipokea kila wimbi na kulipeleka juu lilivyo, bila kulipunguza, hadi kwenye kiti, hadi kwenye mfupa.

"Huwezi kuvumilia hivi kilomita hamsini," alisema dereva.

"Siwezi."

"Basi nazitoa. Zote."

Mama mkwe alifikiri. "Litayumba."

"Kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, acha liyumbe."

"Haya," alisema, kisha akaongeza upesi, "na safari hii nina maana ya ndiyo."

Alitoa ya nyuma kushoto, kisha mbili za mbele, akiwa chali mchangani na giza likikaribia. Bolti zilikuwa mpya, zilifunguka kwa utii ambao ulimuuma. Alizipanga tatu kando ya njia pamoja na ile ya kwanza, aliyokuwa ameipakia nyuma. Rangi nyekundu ya zile tatu haikuwa imechubuka hata kidogo. Aliona aibu, na pamoja na aibu aliona wepesi. Hakugeuka kuziangalia.

Siku ya tatu tangu ajali waliendesha tangu mwanga wa kwanza. Lori sasa liliinama na kuinuka polepole kwa springi peke yake, likipepesuka kama mgonjwa aliyetoka kitandani, lakini mtikisiko ulikuwa umelainika na mama mkwe alikaa macho wazi. Mfuko wa nguo haukuwa tena kati yao. Mama mkwe alikuwa ameuegemeza begani. Yeye ndiye aliyesoma njia. Alimwonyesha mchanga mweusi ulio mgumu na ule mweupe unaomeza, na dereva alipobishana naye mara mbili, mara ya pili dereva ndiye aliyekuwa sahihi, na mama mkwe akasema, "Umeshinda hiyo, twende."

Walizungumza ili wasilale. Mama mkwe alimweleza jinsi mumewe, baba wa binti yake, alivyomkataza kurudi karakana baada ya kujifungua, na jinsi pampu zilivyomwokoa. Dereva alimweleza jambo ambalo hakumwambia hata mkewe: kwamba kila akija nyumbani kwao alijiona kama anafanyiwa mtihani. Mama mkwe alicheka kidogo, akashika bega. Alisema na yeye alijiona anapimwa naye vivyo hivyo.

Maji yaliisha saa nane mchana. Waligawana kile kikombe cha mwisho, chenye mchanga. Joto lilitetemesha upeo wa macho. Saa kumi mama mkwe alianza kuzungumza na watu wasiokuwepo; alimwambia mtu fulani afunge valvu. Ngozi yake ilikuwa ya moto na kavu, na dereva aliujua ubaya wa ukavu ule. Alivua shati ili aliloweshe. Kwa maji ya betri? Hapana, ni tindikali. Kwa dizeli? Ujinga. Akili yake ilizunguka hivyo, ikashika mambo na kuyaachia. Mwisho alimfunika kichwa kwa turubai, akafungua madirisha yote, akaendelea kuendesha, maana upepo ule mdogo wa mwendo ndio dawa pekee iliyobaki. Alimwomba Mungu kwa sauti. Alimwambia kwamba kosa ni lake na kwamba, kama ni malipo, yachukuliwe kwake.

Usiku ulipoingia alisimama, kwa kuwa njia ilikuwa haionekani na korongo la pili lingekuwa la mwisho. Baridi ilisaidia. Mama mkwe akatulia. Alfajiri, kabla rangi hazijarudi duniani, dereva aliweka sikio karibu na mdomo wake, akasikia pumzi, akawasha injini.

Kambi ilionekana kwanza kama meno meupe chini ya mbingu: malundo ya chumvi. Kisha mabanda ya mabati. Kisha watu, wakitoka mmoja mmoja, wakisimama, kwa kuwa hawakuwahi kuona lori likija linainama hivyo. Dereva hakupiga honi. Hakuwa na nguvu ya kukumbuka. Aliendesha hadi miguuni pa msimamizi wa kambi, mtu mnene mwenye kofia ya majani, akazima, akasema, "Mama kwanza."

Mapipa yao yalikuwa yamebaki mawili. Hata hivyo muuguzi wa kambi alimpa mama mkwe maji yenye chumvi na sukari kwa kijiko, kijiko baada ya kijiko, asubuhi nzima, na dereva alikaa mlangoni akihesabu vijiko hadi naye akaanguka usingizini. Jioni homa ilishuka. Mama mkwe alifungua macho akauliza pampu iko wapi. Dereva alikwenda kibanda cha redio ya mawasiliano akamweleza mkewe yote, pamoja na yale ya dukani, bila kujipunguzia. Halafu mkewe akaomba azungumze na mama yake; vijana wakambeba hadi kibandani, na dereva akatoka nje akawaachia.

Kesho yake walimbeba mama mkwe juu ya kiti hadi kisimani, mkono umefungwa upya kifuani. Kambi yote ilikuwa pale na ndoo, wamepanga mstari. Mikono ya kazi ilikuwa ya dereva. Alifunga pampu kwenye bomba la kwanza, akaunga la pili, winchi ikashusha, akaunga la tatu. Vijana wa kambi walivuta mnyororo. Bomba la saba lilikuwa limekwishaingia kisimani pale sauti ilipotoka kwenye kiti, si kubwa, lakini kila mtu aliisikia.

"Hapo umekosea. Waya wa umeme umeuacha umelegea tangu bomba la nne. Utasagika. Toa, anza upya."

Msimamizi alitazama ardhi kwa ajili ya yule mwanamume, kwa maana kukosolewa na mkwe mbele ya kambi nzima, na wewe ndiye uliyewaletea pampu, si jambo dogo. Wanawake wawili waliinua ndoo zao kama wanaotaka kuondoka.

Dereva alifuta jasho kwa kiwiko. Alimtazama mama mkwe wake usoni.

"Tangu la nne, mama, au la tatu?"

Alifikiri. "La tatu. Umesema kweli. La tatu."

Akawaambia vijana wavute. Mabomba yalipanda tena, moja moja, na kazi ya saa mbili ikarudiwa jua likiwa utosini, waya ukikazwa na kufungwa kila hatua, dereva akiuliza na mama mkwe akijibu. Saa tisa jenereta liliwashwa. Bomba lilikohoa upepo, likatema tope, likatema maji ya rangi ya chai. Mstari mzima ulisogea mbele. Mama mkwe akainua mkono wake mzima, akasema bado, yaachwe yatoke dakika kumi yasafike. Hakuna aliyebisha. Dereva alikwenda akakaa mchangani kando ya kiti chake, bega likigusa mguu wa kiti, na wote wawili wakayatazama maji yakimwagika.